Jino la Mbwa Likivunjika: Je, Lazima Avikwe Kofia ya Chuma?

Katika mikutano ya vikundi, tukishamaliza mambo ya akiba na mbuzi wa maziwa, mara nyingi hubaki swali moja la mwisho la kuchekesha watu. Siku hizi swali linalorudi ni hili: je, ni kweli ati ng'ambo mbwa huwekewa meno ya chuma? Mmoja ameona picha kwa simu ya kijana wake, mwingine amesikia kwa ndugu anayefanya kazi ya ulinzi Nairobi. Watu wanacheka, halafu mtu aliyekaa nyuma anasema, "Sisi wenyewe meno yametuisha, nani atamfikiria mbwa?"

Jibu ni ndiyo, ni kweli. Lakini habari yenyewe haiko jinsi inavyosimuliwa, na ndani yake kuna mambo yanayotuhusu sisi tunaofuga mbwa wa kulinda boma, hata kama hatutanunua kofia hiyo maishani. Mbwa aliyevunjika jino utampata katika kila kijiji. Wengi hawajui la kumfanyia, na wengine humfungua mdomo kwa mikono mitupu ili waangalie kuna nini. Hilo la mwisho linaweza kumuua mtu, nami nitalieleza kwa kirefu mbele. Kwanza tulijue jino lenyewe.

JINO LA MBWA LILIVYO

Mbwa mzima ana meno 42. Mtoto wa mbwa huanza na meno 28 ya utotoni, ambayo hung'oka yenyewe, na akifika miezi sita au saba huwa amepata yote ya ukubwani. Manne kati ya hayo ni chonge, yale marefu yenye ncha, mawili juu na mawili chini. Hizo ndizo za kushika na kuuma. Nyuma, upande wa shavu, kuna gego moja kubwa la juu ambalo hukutana na lile la chini kama mkasi unavyokata. Chonge na hilo gego la juu ndiyo meno yanayovunjika sana.

Kwa ujenzi, jino la mbwa ni kama letu. Nje kuna gamba jeupe, gumu. Chini ya gamba kuna mfupa wa jino. Katikati kabisa kuna nafasi yenye nyama laini, mishipa ya damu na mshipa wa fahamu. Hapa tutauita moyo wa jino. Tofauti iko kwenye lile gamba. La mbwa ni jembamba, halifiki hata milimita moja, ilhali la binadamu linaweza kupita milimita mbili. Kwa hivyo wale wanaosema kwamba mbwa ana meno ya chuma tayari na anaweza kutafuna kitu chochote, wamekosea.

Jambo jingine la kukumbuka ni mzizi. Ile chonge tunayoiona ikimeremeta ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa imezikwa ndani ya taya, kama nguzo ya ua iliyochimbiwa chini sana. Tutalirudia hili tukifika kwenye kung'oa.

KINACHOVUNJA

Ukiuliza watu, watakwambia mbwa huvunjika meno kwa kupigana. Ni kweli, na pia teke la punda au la ng'ombe linatosha, sembuse jiwe la mpita njia. Lakini mengi huvunjika taratibu, hapo hapo nyumbani, na sisi tukiangalia.

Mnyororo ni mmoja wa wakosaji. Mbwa anayefungwa kutwa nzima, au kufungiwa kwenye kibanda cha waya, huchoka na kukasirika, akaanza kutafuna kile kinachomzuia. Waya na chuma husaga upande wa nyuma wa chonge kidogo kidogo, kama vile panga linavyoliwa na tupa. Kwa mbele jino linaonekana zima. Siku moja anaruka kushika kitu, chonge inakatika katikati, na mwenyewe anashangaa imekuwaje. Ukiwa na mbwa wa kufungwa, mwangalie kama ana alama hiyo nyuma ya chonge, na umpe nafasi ya kutembea. Ua wa miti au wa mabati ambao hawezi kuung'ata ni bora kuliko waya.

Mfupa nao tumeuzoea sana hata hatuushuku. Mfupa mkubwa wa paja la ng'ombe, kwato, pembe: hivi vyote vinaweza kupasua lile gego la juu, likabanduka kipande kizima upande wa shavu kama ukuni uliopasuliwa kwa shoka. Kuna kipimo rahisi ambacho madaktari wa wanyama hufundisha. Bonyeza kitu hicho kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha usipoacha alama yoyote, kitu hicho ni kigumu mno kwa meno ya mbwa. Na ule mchezo wa watoto wa kumrushia mbwa mawe ili ayadake, tuukomeshe. Warushe kipande cha kamba nene au kitambaa kilichofungwa fundo.

BAADA YA KUVUNJIKA

Hapa lazima tutofautishe. Kuna jino lililomeguka ncha kidogo, moyo wake haukufikiwa. Hilo halina haraka kubwa, ingawa ni vizuri daktari alitazame. Na kuna jino lililovunjika mpaka moyo ukawa wazi. Likiwa limevunjika leo, utaona nukta nyekundu katikati, na pengine damu. Likiwa limekaa wiki kadhaa, nukta hiyo huwa nyeusi. Wengi wakiona nyeusi husema limepona. Halijapona. Moyo wa jino umekufa, na sasa kuna tundu lililo wazi ambalo vijidudu vya mdomoni hupitia, vikashuka hadi kwenye ncha ya mzizi ndani ya taya. Huko hufanya usaha.

Mbwa hasemi. Hata akiwa na maumivu ambayo yangemlaza mtu kitandani, ataendelea kula kwa sababu njaa ni njaa. Ndiyo maana kusema "lakini anakula" si kipimo. Chunguza kama anatafunia upande mmoja tu, kama anaangusha chakula, kama ananuka mdomo kuliko kawaida, au kama amekuwa mkali ukimgusa uso. Upande wa meno mabovu mara nyingi hujaa uchafu wa manjano kwa sababu hautumiki.

Dalili moja inayodanganya watu wengi ni uvimbe chini ya jicho. Mizizi ya lile gego la juu hufika karibu na hapo, kwa hivyo usaha wake hutokea chini ya jicho. Mama mmoja mfugaji wa kondoo alieleza kikundi chake jinsi alivyonunua dawa ya macho mara tatu. Kidonda kilikuwa kikifunga, baada ya mwezi kinafumuka tena. Daktari wa mifugo alipokuja hakugusa jicho kabisa. Aliinua mdomo wa juu, akaonyesha gego lililopasuka. Lilipong'olewa, kidonda cha jicho kikafunga na hakikurudi.

HIYO KOFIA YA CHUMA

Sasa tulijibu lile swali. Ng'ambo, jino lililovunjika mpaka moyoni hutibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuling'oa. Ya pili ni kuliacha lakini kulisafisha ndani: daktari hutoa ule moyo uliokufa, husafisha mfereji hadi ncha ya mzizi, hujaza dawa na kuziba, kama afanyavyo daktari wa meno kwa binadamu. Mbwa akiwa mdogo, wa chini ya mwaka mmoja na nusu hivi, na jino limevunjika siku mbili tu zilizopita au chini ya hapo, moyo wake unaweza hata kuokolewa ukiwa hai. Siku zikipita, nafasi hiyo hupotea.

Kofia, au krauni kama waiitavyo madaktari wa meno, huja baada ya hayo. Yenyewe haitibu ugonjwa. Ni kifuniko cha kulinda jino ambalo limekwisha kutibiwa lisivunjike tena. Ukiivika juu ya jino bovu umefunika usaha tu, kama kupiga plasta ukuta uliooza ndani.

Kazi yenyewe ni ndefu. Mbwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, maana hakuna mbwa atakayeketi kwenye kiti na kufungua mdomo akiambiwa. Hupigwa picha ya eksirei ili mzizi uonekane. Jino huchongwa kidogo, halafu daktari huchukua umbo lake kwa kitu laini ambacho huganda, kama vile mtu anavyokanyaga udongo mbichi na kuacha wayo. Umbo hilo hupelekwa kwa fundi anayetengeneza meno, naye hufinyanga kofia ya kulingana nalo. Baadaye mbwa hulazwa tena mara ya pili, kofia ikagandishwa kwa simiti maalum. Kwa mbwa wa kazi hupendelewa kofia ya madini, kwa mfano mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, au titaniamu. Zipo pia nyeupe zinazofanana na jino, lakini hizo ni zaidi za kupendeza macho ya mwenye mbwa. Mara nyingi chonge iliyovikwa kofia huachwa fupi kuliko ilivyokuwa, kwa sababu jino refu likivutwa kwa upande ni rahisi kukatika.

Huko Marekani madaktari bingwa wa meno ya wanyama wana chuo chao, American Veterinary Dental College, tangu 1988, na kazi hii yote hugharimu dola elfu kadhaa. Hizo ni pesa za kununua ng'ombe wa gredi mwenye maziwa. Nani basi hulipa? Wapo watu wenye mali wanaowapenda mbwa wao. Lakini kofia ina maana hasa kwa mbwa ambaye kazi yake iko kwenye meno: mbwa wa polisi au wa jeshi anayefundishwa kushika mkono wa mhalifu na kutoachilia mpaka aamriwe. Mbwa kama huyo amefundishwa kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa. Chonge moja ikikatika anaweza kushindwa kushika, au akaogopa kushika kwa sababu ya maumivu. Kwa hesabu ya serikali yake, kofia ni rahisi kuliko kununua na kufundisha mbwa mwingine.

Ona tofauti na mbwa wa KWS wanaonusa pembe za ndovu kwenye uwanja wa ndege na bandarini. Kazi yao iko puani. Akivunjika chonge, akang'olewa na akapona, ataendelea kunusa kama kawaida.

Uvumi mkubwa kuhusu meno haya ulienea mwaka wa 2011. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei mwaka huo, makomando wa Marekani walivamia nyumba ya Osama bin Laden huko Abbottabad, Pakistan, wakiwa na mbwa mmoja aitwaye Cairo. Baadaye magazeti yakaandika kwamba mbwa wa makomando hung'olewa meno mazima na kuwekewa ya titaniamu ili wararue zaidi. Watu waliohusika na mbwa hao walikanusha, na ukifikiri utaona kwa nini. Hakuna kofia iliyo imara kuliko jino zima lenye mzizi mzima. Kofia inaweza kubanduka, na jino lililo chini yake linaweza kukatika tena. Ni kiraka kizuri juu ya jino lililovunjika, wala hakuna daktari mwenye akili atakayeharibu jino zima ili aweke kiraka.

SISI TUFANYE NINI

Kwa mbwa wa boma, ambaye kazi yake ni kubweka usiku na kuwafukuza wezi na fisi, kung'olewa jino bovu ni tiba kamili. Msione kwamba ni tiba ya maskini. Maumivu yanaisha, usaha unaisha, na mbwa anakula ugali wake vizuri, maana mbwa humeza zaidi kuliko anavyotafuna. Mbwa wengi huishi miaka mingi bila meno kadhaa. Tiba mbaya ni ile ya kuliacha.

Lakini kung'oa si kazi ya koleo la fundi wa baiskeli. Kumbukeni ile nguzo iliyochimbiwa. Lile gego la juu lina mizizi mitatu, na daktari hulikata vipande kwanza ndipo atoe kila mzizi peke yake. Chonge ya chini ikivutwa kwa nguvu inaweza kuvunja taya. Na mbwa asiyelazwa kwa dawa atakuuma, nawe huwezi kumlaumu.

Msimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo duka lolote linauza, humharibu mbwa tumbo na figo, na zinaweza kumuua. Daktari wa mifugo ana dawa zinazomfaa mbwa. Kabla hajaja, mpeni chakula laini na mwondoleeni mifupa.

Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo anzieni kwa ofisi ya mifugo ya wadi au kaunti ndogo yenu. Muulizeni daktari mapema kama ana dawa ya usingizi na vifaa vya meno. Wengine hushughulika na ng'ombe tu na watawaelekeza kwingine. Kwa walio karibu na Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo huko Kabete. Gharama ya kumleta daktari kwa mbwa mmoja humwelemea mtu mmoja. Kikundi kikijiandikisha mbwa sita au saba wenye matatizo na kumwita siku moja, usafiri mnagawana.

KABLA YA KUFUNGUA MDOMO WA MBWA

Hapa naomba msomewe polepole, hasa wale wenye watoto.

Mbwa mwenye kichaa hutokwa na mate mengi. Taya yake ya chini inaweza kulegea ikaning'inia, akashindwa kumeza na kubweka kwa sauti iliyokwama. Kila mtu akimwona anasema, "Maskini, mfupa umemkwama," au, "Jino linamuuma." Na mtu mwenye huruma anaingiza mkono. Kichaa cha mbwa kiko kwenye mate hayo. Hahitaji hata kukuuma. Mkwaruzo mdogo kwenye kidole unatosha.

Zaidi ya hayo, mbwa mwenye kichaa kikali hung'ata mawe, vyuma na miti mpaka meno yake yenyewe yanavunjika. Kwa hivyo jino lililovunjika ghafla kwa mbwa aliyebadilika tabia linaweza kuwa dalili ya kichaa chenyewe. Jiulizeni: je, amekuwa mkali au mwoga bila sababu? Anayumba? Anang'ata hewa au vitu visivyolika? Alipotea siku kadhaa, au aliumwa na mbwa mgeni miezi iliyopita? Na je, amechanjwa? Ikiwa kuna shaka, asiguswe mdomo na mtu yeyote. Fungeni mlango au lango akiwa ndani, watoto wawe mbali, na daktari wa mifugo aarifiwe.

Mtu aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, aoshe mahali hapo. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kwa saa, si kwa kukisia. Jicho lioshwe kwa maji mengi safi. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, na amalize sindano zote alizoandikiwa. Asingoje aone kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

Mwaka wa 2014 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Mbwa akifika miezi mitatu anaweza kuchanjwa. Kaunti nyingi huchanja bure kwenye vituo karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Siku hiyo daktari yuko hapo na mbwa ameshikwa tayari. Ni wakati mzuri wa kumwomba ainue midomo ya mbwa walio wapole na kuangalia chonge na magego. Katibu wa kikundi aandike kwenye daftari jina la mwenye mbwa, tarehe ya chanjo, na jino lolote ambalo daktari amesema ling'olewe.

Nambari ya simu ya daktari huyo ibandikwe ukutani mahali mnapokutania, kwa maandishi makubwa. Chini yake andikeni hospitali iliyo karibu ambayo ina chanjo ya binadamu ya kichaa cha mbwa, na mpige simu kuhakikisha, kwa sababu si kila zahanati huwa nayo.